Bi Ngapi na Bia za Watu

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza nilikuwa nimelala chini ya meza. Si kwa ulevi, watu wasinielewe vibaya. Mimi ni seremala, na meza ya pembeni katika baa ya Kizibo ilikuwa imelegea mguu kiasi kwamba chupa zilikuwa zikijitembeza zenyewe. Nilikuwa chali, misumari mdomoni, nikaona viatu vinaingia uani. Vilikuwa raba za kiume zilizopigwa vumbi mpaka zikapoteza rangi, na ndani yake soksi mbili zisizojuana, moja ya kijani na moja ya kahawia. Juu ya soksi palikuwa na sketi ndefu. Juu ya sketi sikuona kitu, meza ilinizuia.

"Hodi wenyewe! Mmelala au mmehama?" sauti ikauliza.

Ningeweza kutoka nikasalimia kama mtu mzima, lakini mimi ni mtu wa haya. Tangu shule ya msingi, mwalimu akiuliza swali, nilikuwa nainama kama niliyeangusha kalamu. Nikaona heri nikae hukohuko mpaka mgeni aende zake. Raba zikaja mpaka karibu na sikio langu, sketi ikakunjwa, na uso wa mama wa makamo, wa mviringo, wenye mwanya mpana, ukanichungulia.

"Kaka, huko chini umepanga au umejenga?"

Nikataka kujibu, nikakumbuka misumari. Nikaitikia kwa kichwa, nikajigonga kwenye ubao. Akacheka, lakini kicheko chake hakikuniumiza. Kilikuwa kicheko cha mtu anayekucheka huku akikushika mkono usianguke.

"Usijisumbue kuinuka. Mgeni ni mimi," akasema. Akavuta kigoda, akaagiza soda.

Kizibo ndiye mwenye baa. Tulimpa jina hilo kwa sababu ni mfupi na mnene, na akisimama mlangoni hakuna kinachotoka wala kuingia. Alimletea soda, akamkagua kuanzia soksi.

"Wewe ni mtu wa kodi?"

"Ningekuwa wa kodi ningevaa soksi hizi?"

"Basi umekuja kutuokoa," akadakia Fundi Bomba kutoka meza ya katikati. Huyo ni fundi wa mabomba wa mtaa wetu, mrefu, sauti kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Pembeni yake alikuwa Kinyozi, rafiki yake tangu utoto, mtu msafi asiyepandisha sauti.

"Kuokoka ni juu yenu," yule mama akasema. "Mimi nimekuja kuuliza tu. Chuo kinafanya utafiti wa afya. Nitapita nyumba kwa nyumba."

"Utauliza nini?"

"Mnakunywa ngapi."

Vichwa vyote vikamgeukia. Halafu Fundi Bomba akapiga meza yake, na ile niliyokuwa naitengeneza pembeni ikatetemeka nayo. "Ngapi! Huyu ni Bi Ngapi!"

Jina likamganda tangu saa hiyo. Alilipokea vizuri, akasema ni zuri kuliko alilopewa mwaka alipouliza watu habari za vyoo.

Baadaye, kwa kuwa alikuwa akipumzika kwenye karakana yangu jua likiwa kali, nilikuja kuijua habari yake. Yeye ndiye aliyekuwa akisema, mimi nikipiga randa. Alifiwa na mume akiwa na mabinti wawili wadogo. Akaajiriwa kuwapikia watu wa utafiti waliopiga kambi karibu na kwao. Siku moja mdodosaji mmoja akaugua, kiongozi akatazama huku na huku, akamwona yeye na mwiko wake, akamwambia, "Mama, wewe umesoma?" Alikuwa amesoma sekondari. Akaacha mwiko akashika kalamu, na hakurudi jikoni tena. Aliuliza watu habari za vyandarua, meno, kunyonyesha na maji ya kunywa. Kwa maswali hayo aliwasomesha mabinti wote wawili.

Lakini ilikuwa kazi ya kibarua. Utafiti ukiisha, kazi imeisha, na unaitwa tena kwa jina lako tu. "Kazi hii, kaka, haina cheti kinachozidi jina," aliniambia. Aliwahi kuona wenzake waliokaa kwenye kibanda cha chai wakajaza majibu wenyewe bila kumuuliza mtu. Huko kunaitwa kupika majibu. Aliyeitwa mpishi wa majibu hashiki kalamu tena popote. Na safari hii alikuwa ameahidiwa kwamba mambo yakienda sawa atapewa kazi ya kudumu ya kuongoza wadodosaji. Alikuwa akilitaja jambo hilo kwa sauti ndogo, kama mtu anayebeba mayai.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakumuuliza mtu kabla ya kuonekana naye akicheka mahali, maana alisema mtu usiyemzoea akikuuliza habari za pombe, utamwambia unakunywa maziwa. Kwenye nyumba za watu alikaa chini kuliko wenyeji, kwenye kigoda au kwenye mkeka. Na alikuwa fundi wa kuondoa masikio. Akimkuta mume na mke pamoja, hakosi jambo la kumtuma mmoja nje.

Kwangu alikuja jioni nikiwa nimeoga. Mke wangu alikuwa jikoni, na jiko letu limetengwa na sebule kwa pazia tu.

"Karatasi hii haina jina lako, kaka, ina namba," alianza. "Utakachosema hakitakwenda polisi, wala msikitini, wala kanisani. Katika siku saba zilizopita, ulikunywa pombe?"

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Moja."

Jikoni kitu kikaanguka, kikalia sana.

"Wifi!" Bi Ngapi akaita. "Huko salama?"

"Salama, wifi! Ni kijiko tu. Kimesikia jambo."

Bi Ngapi akauma midomo asicheke. "Wifi yangu, hebu nisaidie. Naona kama mvua inakuja, na nguo zako ziko kwenye kamba."

"Mvua? Jua hili la kukausha mamba?" Lakini alikuwa ameelewa. Akapita sebuleni, akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyepaka uso sukari, akatoka.

Bi Ngapi akarudia swali polepole. Nikarudia jibu. Moja. Akatoa glasi na chupa ya maji mkobani, akaniambia nimimine kiasi cha hiyo moja nione ilikuwa kubwa kiasi gani. Nikamimina mpaka juu, maana sikutaka kumdanganya. Akaniangalia kwa muda, akaandika.

Nilisikia kwamba kwa wengine ilikuwa hivyohivyo. Kinyozi alisema moja. Kizibo mwenyewe alisema hanywi, anaonja. Fundi Bomba alisema yeye hunywa kwenye harusi tu.

"Na wiki hii kulikuwa na harusi ngapi?" Bi Ngapi akamuuliza.

"Nilizoalikwa au nilizosikia ngoma?"

"Fundi, mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa, dada. Wako wanne. Andika moja."

Akaandika moja. Akamaliza mtaa, akatuaga, tukadhani yamekwisha.

Haikufika wiki akarudi. Nilikuwa kwa Kizibo, na safari hii nilikuwa nimekaa mezani kama mteja wa kawaida. Aliingia bila utani, akakaa, hakuagiza soda.

"Msimamizi wangu ameleta neno," akasema. "Kila mahali watu hupunguza, hilo linajulikana. Ukimuuliza mtu pombe anayokunywa, atakupa nusu, na pengine chini ya nusu, na waliosoma mambo haya wamezoea. Lakini ninyi! Kizibo mwenyewe ametuambia kwa mdomo wake kwamba lori humshushia kreti thelathini kwa wiki."

"Thelathini na zaidi," Kizibo akasema, kifua mbele.

"Na kwa majibu yenu, mtaa wote haumalizi hata kreti mbili. Zilizobaki zinanywewa na nani, paka? Msimamizi hajanitukana, ni kijana mwenye adabu. Amesema tu kwamba haijapata kutokea, na mwisho wa wiki atakuja mwenyewe kuuliza upya nyumba chache. Akikuta majibu hayafanani na yangu..." Akaukumbatia mkoba wake. "Watasema nimepika. Mimi niliwapikia watu vyakula mwanzoni mwa ujane wangu, lakini majibu sijapika."

Kinyozi akamwuliza kwa upole, "Sasa, dada, unataka tuseme nini?"

"Siruhusiwi kuwaambia mseme nini. Mjibuni mnavyojua." Akainuka. Mlangoni akajipangusa macho kwa kiganja, haraka, akaenda zake.

Tulimpenda yule mama, na hapo ndipo tulipokosea. Fundi Bomba alisubiri mpaka raba zimetokomea, akavuta kiti.

"Mmemsikia? Hakuweza kusema kwa mdomo, amesema kwa macho. Bia zetu ni chache! Zinamfukuzisha kazi mjane wa watu! Sasa tumwongezee."

"Tumwongezee vipi?" nikauliza.

"Kijana akija, kila mtu aseme nyingi. Mimi nitasema ishirini. Kinyozi kumi na tano. Wewe seremala mwili wako mdogo, sema kumi na mbili."

"Si tutakuwa waongo?" Kinyozi akasema.

"Uongo wa kumsaidia mtu una uzito gani? Au unataka dada wa watu alale njaa kwa sababu ya utakatifu wako?"

Hakuna aliyekumbuka yale maneno yake kwamba majibu yakiwa tofauti ndipo amekwisha. Mimi pia sikuyakumbuka. Tulikuwa tumeona machozi, na machozi ya mama yakimwagika, wanaume hukimbilia nyundo hata kama kilichovunjika ni yai.

Msimamizi alikuja Jumamosi asubuhi. Kijana mwembamba wa miwani, anayewaamkia wakubwa zake wote shikamoo mpaka Fundi Bomba akajiona mzee. Bi Ngapi alifuatana naye, lakini hakuruhusiwa kusema neno wakati wa maswali. Walianza kwa Fundi Bomba. Karakana yangu imepakana na nyumba yake, katikati ni mabati tu, na sauti yake haihitaji tundu.

"Bia ngapi, mzee?"

"Ishirini!"

"Kwa wiki?"

"Kwa siku!" Alikuwa ameingiwa na moyo wa kujitolea.

Msimamizi akakohoa. "Na kazi unafanya saa ngapi?"

"Katikati ya bia ya kumi na ya kumi na moja, hivi."

Nilichungulia kwenye upenyo wa bati. Bi Ngapi alikuwa amesimama uani, ameshika mkoba kwa mikono miwili, mdomo wazi kidogo. Hakuwa na rangi ya mtu aliyesaidiwa.

Wakaenda kwa Kinyozi. Huko sikuwapo, lakini mtaa mzima ulijua kabla ya chai ya saa nne. Kijana hakuwa na ule ufundi wa kuondoa masikio, akauliza hapohapo dukani, mteja akiwa kitini na povu shavuni. Kinyozi, kwa unyofu wake, akafumba macho, akasema, "Kumi na tano." Mteja akaruka.

"Kumi na tano? Na huo wembe uko shingoni mwangu?"

Akatoka mbio na kitambaa kifuani na shavu moja limenyolewa. Nimesikia mpaka leo hunyoa nyumbani.

Halafu wakaja kwangu. Msimamizi akakaa kitini, mimi nikakaa kitini, Bi Ngapi akabaki amesimama mlangoni. Mke wangu hakwenda jikoni safari hii. Aliegemea pazia, mikono kifuani. Kijana akafungua karatasi zake mbili, ya zamani na mpya, akaniuliza lile swali kwa maneno yaleyale.

Nilikuwa nimefanya mazoezi. Kumi na mbili, kumi na mbili, nilikuwa nimeisema tangu alfajiri nikipiga randa. Lakini nikiongea na mgeni ulimi wangu huwa kama msumari uliopinda, hauendi unakoupeleka. Nikafungua mdomo kusema kumi na mbili, ikatoka, "Moja."

Kijana akatazama karatasi ya zamani. "Moja," akasema. "Na hapa imeandikwa moja." Akavua miwani, akaifuta. Alionekana amechoka kuliko kukasirika. "Mzee wangu, naomba unisaidie. Wenzako juzi walisema moja, leo wanasema ishirini. Wewe juzi moja, leo moja. Na ninyi mnakunywa meza moja. Kweli ni ipi?"

Nilitazama chini. Nikaziona zile raba mlangoni, zimesimama bila kutikisika.

"Yangu ilikuwa moja," nikasema. "Hizo nyingine zilikuwa za watu."

"Za watu? Uliwanunulia watu?"

"Hapana. Watu walininunulia mimi. Ni zao."

Mlangoni mkoba ukaanguka chini. "Msimamizi," Bi Ngapi akasema, "najua sina ruhusa. Lakini nimuulize moja tu."

Kijana akamwashiria aendelee. Akaingia, akachuchumaa mbele yangu kama siku ile chini ya meza.

"Kaka. Bia ukinunuliwa na mtu, huihesabu?"

"Nitaihesabuje, dada? Si yangu."

"Lakini umeinywa wewe."

"Nimeinywa. Lakini ni ya aliyenunua."

Nilimjibu nikimwonea huruma, kwa kuwa nilidhani dunia nzima inajua hivyo. Kwetu mtu hajinunulii. Anayejinunulia wakati wenzake wapo huitwa mchoyo, na jina la uchoyo mtaani kwetu ni baya kuliko la ulevi. Ukifika, unamnunulia uliyemkuta. Aliyekuja nyuma yako anakununulia wewe. Unajinunulia siku uliyofika wa kwanza, hujamkuta mtu, una kiu, basi. Hiyo ndiyo bia yako, na ukiulizwa umekunywa ngapi, unaitaja hiyo. Hata baba zetu walihesabu hivyo. Kwa hiyo nilipomwambia moja, sikuwa nimemdanganya hata tone.

Bi Ngapi alikaa chini kabisa, pale sakafuni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mke wangu akaanza, naye hakujua wanachocheka. Kijana peke yake alikuwa bado anafikiri.

"Unataka kusema," akasema polepole, "mtaa huu watu wote wanakunywa, na hakuna anayekunywa?"

"Twende kwa Kizibo," Bi Ngapi akasema, akijikung'uta sketi. "Ukaone kwa macho."

Jioni hiyo wakaja, wakakaa pembeni na soda zao, kimya. Baa ilikuwa imejaa. Bi Ngapi akasubiri, halafu akasogeza kigoda mpaka meza ya katikati. Mbele ya Fundi Bomba palikuwa na chupa tatu tupu na ya nne nusu.

"Fundi, leo umekunywa ngapi?"

Fundi Bomba alikuwa amesahau ukarimu wake wa asubuhi. "Leo? Mbona sijaanza."

"Na hizi?"

"Hizo za Kinyozi."

"Kinyozi, na hizo zako?"

"Hizi ni za Fundi," Kinyozi akajibu kwa upole. "Ila hii moja ni ya seremala. Asante, seremala."

Msimamizi akaweka soda chini, akashika kichwa. Sasa alikuwa anacheka hata miwani inateleza. Akauliza kama anaweza kujaribu swali jipya, Bi Ngapi akamwambia ajaribu. Akamwendea mtu mmojammoja pembeni, akauliza, "Wiki hii umewanunulia wenzako ngapi?"

Ilikuwa kama kufungua bomba lililokuwa limeziba! Mtu aliyesema hanywi alikuwa amenunua nane. Mwingine kumi. Fundi Bomba alianza na kumi na tano, akafikiri heshima yake, akapandisha ishirini na mbili. Kijana akajumlisha, akajumlisha tena, akamwita Bi Ngapi.

"Sasa imezidi lori," akasema.

"Lazima izidi," Bi Ngapi akasema. "Ulevi watu huupunguza, ukarimu huuongeza. Waulize walichopokea, si walichotoa. Mtu haongezi wema wa mwenziwe, na haupunguzi sana, maana mwenziwe yumo humu humu mtaani na kesho atamdai shukrani."

Wakauliza hivyo. Kila mtu kivyake, pembeni, masikio yameondolewa kwa ufundi wa Bi Ngapi: umenunuliwa ngapi, na nani, na yako mwenyewe ngapi. Hesabu ikaja karibu na lori, si sawasawa, lakini karibu kiasi cha kijana kuwa na furaha.

Ila tulipoambiwa kila mtu namba yake mwenyewe, pale mezani pakapoa kidogo. Mimi yangu ilikuwa tisa. Kinyozi akaitazama yake kwa muda mrefu. Miaka yote hiyo alikuwa akijijua kuwa mtu wa moja.

"Kumi na nne," akasema. "Sikukosea sana asubuhi, kumbe."

"Ndiyo maana yule alikimbia na shavu lake," Fundi Bomba akasema, tukacheka tena, lakini Kinyozi jioni ile hakupokea nyingine. Alinunua tu.

Kabla ya kuondoka, msimamizi akasimama. Akasema mbele ya watu wote kwamba mama huyu ameandika kile alichoambiwa, neno kwa neno, na kwamba yeye alimshuku na amekosea. Akasema swali ndilo lililokuwa bovu, na swali ni lake yeye. Bi Ngapi akainamisha kichwa, akakitikisa mara moja, akasema, "Yamekwisha, mwanangu." Kisha akamgeukia Fundi Bomba.

"Na wewe! Ishirini kwa siku! Ulikuwa unanizika huku unanibembeleza."

"Dada, tulitaka kukusaidia!"

"Nikizama tena, tafadhali, niacheni nizame. Msije na mawe."

Aliipata ile kazi ya kudumu. Tulijua kwa sababu alirudi kutuaga, mchana, gari la utafiti likimsubiri barabarani na dereva akipiga honi. Kwa kuwa maswali yalikuwa yamekwisha, alikuwa sasa huru kupokea kitu, na watu wakamnunulia soda kwa fujo, meza ikajaa. Alikunywa alizoweza. Mke wangu alikuja mpaka uani kwa Kizibo, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akakumbatiana na wifi yake, wakasemezana mambo wakinitazama.

Baadaye Bi Ngapi akapita karakana. Nilikuwa nafunga bawaba za kabati. Hakuwa mchangamfu kama nilivyotarajia. Aliketi kwenye rundo la mbao, akauweka mkoba miguuni pangu, akazungusha kifuniko cha soda vidoleni.

"Sasa mimi ndiye nitakayekaa ofisini," akasema, "nikiletewa majibu ya wengine. Mimi ndiye nitakayetazama namba niseme huyu kapika, huyu hakupika."

Katika muda wote ule mimi nilikuwa wa kuulizwa tu. Sijui ujasiri ulitoka wapi, labda kwa kuwa nilikuwa na bisibisi mkononi na nilikuwa naitazama bawaba.

"Utajuaje, dada," nikasema, "kama mtu amedanganya?"

Akafikiri. Honi ikalia tena. Akainuka, akajikung'uta takataka za mbao, akasimama mlangoni na zile raba zake. Soksi siku hiyo zilikuwa zinafanana, nadhani kwa ajili ya ofisi.

"Sitajua, kaka. Nitapanda gari niende nikakae na watu wenyewe kwanza. Haya, nipe huo mkoba, dereva huyu ana roho ndogo."